Beseni na Hodhi Mbele za Mungu

Tarehe 17 Mei 1952 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitoa amri iliyomruhusu Mwafrika mwenye elimu kuomba aandikishwe katika daftari la watu wanaohukumiwa kwa sheria za Wazungu. Ombi lilifuatwa na uchunguzi nyumbani kwa mwombaji. Wachunguzi walitazama anavyokula, anavyoishi na mkewe, anavyolea watoto, wakapita chumba kwa chumba kutoka sebuleni hadi jikoni na bafuni. Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, ulikuwa na makarani na walimu wengi waliotamani kuandikishwa. Mmoja wao alikuwa Patrice Lumumba, karani wa posta aliyefika mjini humo mwaka 1944. Ombi lake lilikataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Wanahistoria wa siasa wameshaeleza udhalili wa uchunguzi huo. Mimi nataka kuutazama kama fundisho la dini, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa kwa ndani. Serikali iliyoongozana na misheni popote ilipofika ilikuwa inafundisha kwamba vyombo anavyotumia mtu kuosha mwili wake ni ushahidi wa hali ya nafsi yake: anayelala ndani ya hodhi jeupe la enameli amekwisha kufika, na anayejimwagia maji kwa kopo nyuma ya ukuta wa bati bado yuko njiani.

Fundisho hilo halikupanda meli na Wabelgiji mwaka 1960. Lipo bado katika aibu ya mama anayemwonyesha mgeni ndoo ya kuogea huku akiomba radhi, kana kwamba amemkosea. Lipo katika kanisa linalotangaza birika lake jipya la ubatizo lenye vigae kana kwamba Roho Mtakatifu alikuwa akisubiri vigae. Ndiyo maana swali hili linastahili kujibiwa kwa uzito: je, chombo anachooshewa mtu, na mali kilichotengenezwa nayo, vina thamani yoyote mbele za Mungu? Dai langu ni kwamba dini ambazo watu wa Kisangani wanaziishi zimelichunguza jambo hili kwa makini kuliko tunavyodhani, na kwamba zote zinakiuliza chombo mambo mawili. Kwanza, je, kinayafikisha maji kwenye mwili yakiwa safi? Pili, je, kinamweka mtu juu ya mwenzake? Jibu la swali la kwanza linamwondolea aibu mwenye beseni. Jibu la swali la pili linamshtaki kila mwenye mamlaka juu ya maji ya mji huu.

Tuanze na hodhi lenyewe, maana watu hulisifu bila kulijua. Hodhi la nyumba za zamani ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikapakwa unga wa kioo na kuchomwa hadi unga huo ushikamane nacho kama ngozi nyeupe. Uzito wake hupita kilo 100 kabla tone la maji halijaingia, na ngozi hiyo ikibanduka chuma huanza kushika kutu. Baadaye likaja hodhi la bati la chuma lililobanwa na mashine, jepesi zaidi, kisha la akriliki lililoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambalo watu wawili hulibeba bila shida lakini huchubuka upesi. Matajiri wa dunia huagiza la marumaru au la shaba nyekundu. Wafanyakazi wa migodi ya Ulaya, hadi katikati ya karne ya 20, walikuwa wakioga jikoni katika karai la bati lililopakwa zinki, na zinki ni madini ambayo Kipushi, huko Katanga, iliyatoa kwa wingi na kuyauza nje. Nchini Marekani John Michael Kohler alianza biashara yake ya mahodhi mwaka 1883 kwa kupaka enameli birika la kunyweshea mifugo na kuchovyea nguruwe waliochinjwa, akalitia miguu minne. Asili ya chombo kilichotumika kumpima Mwafrika ustaarabu wake ni hiyo.

Hodhi lililoletwa Stanleyville lilivuka bahari hadi Matadi, likapanda treni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1898, kisha likapandishwa mto kwa meli kiasi cha kilomita 1,700 kutoka Léopoldville, leo Kinshasa. Lilipofika bado halikuwa na kazi. Lilihitaji bomba, tangi juu ya nyumba, mtambo wa kupasha maji moto na mtaro wa kuyaondoa machafu, na vitu hivyo viliwekwa katika mtaa wa Wazungu, ambao leo ni sehemu ya komini ya Makiso. Mitaa ya Waafrika ilipewa mabomba ya pamoja barabarani. Hodhi la kawaida huchukua kama lita 150, yaani mabidoni saba na nusu ya lita 20. Pale ambapo bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, limekauka, mabidoni hayo hubebwa kichwani, na wabebaji wengi ni wanawake na wasichana. Chombo kile kile kinachoitwa ishara ya usafi hugeuka pipa la akiba, na watu wa nyumba hiyo huoga kwa kopo wakiwa wamesimama kando yake.

Sasa tuje kwenye sheria za dini. Uislamu ulifika kwenye maporomoko ya Boyoma, jirani na Kisangani, pamoja na misafara ya kutoka pwani, na mwaka 1887 mfanyabiashara wa misafara hiyo, Tippu Tip, aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, kama yalivyoitwa maporomoko hayo. Waislamu wa mashariki ya Kongo wamerithi kutoka huko madhehebu ya Imam Shafi. Vitabu vingi vya fiqhi, yaani sheria ya dini, huanza na maji, na baada ya maji hufuata mlango wa vyombo. Humo tunaambiwa kwamba Mtume alitawadha kutoka katika chombo cha shaba, alitumia viriba vya ngozi, na katika hadithi ya Umm Hani yeye na mkewe Maimuna walioga kutoka katika bakuli moja lililokuwa na mabaki ya unga uliokandwa. Fikiria maana yake: bakuli la kukandia mkate lilitosha kwa josho la Mtume wa Mwenyezi Mungu na halikuhitaji kutengwa kwa kazi hiyo. Kiasi cha maji nacho kinajulikana. Alikuwa akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, na kutawadha kwa kibaba kimoja. Pishi ni kama lita tatu. Mtu mmoja alipolalamika kwamba pishi haimtoshi, Jabir, sahaba wa Mtume, alimjibu kwamba ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na aliyekuwa mbora kuliko yeye. Kwa hesabu hiyo, maji ya hodhi moja yangewaogesha watu 50 kwa sunna, na bidoni moja lingewatosha sita.

Zaidi ya hapo, hodhi lina tatizo ambalo beseni na kopo havina. Kwa Mashafi, maji yaliyotuama yakiwa chini ya kulateni, kiasi ambacho wengi hukikadiria kuwa lita 200 hivi au zaidi, huharibika kwa najisi hata ndogo, na yakishatumika kuondoa janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga, hayatoharishi tena. Hodhi la kawaida haliufikii mpaka huo. Mwenye janaba anayeingia humo na kujiosha kiungo baada ya kiungo ana maswali ya kumwuliza shehe wake, wakati anayejimwagia kwa kopo hupokea kila mara maji mapya. Mamaliki, wafuasi wa Imam Maliki, wana msimamo mpana zaidi, wanaangalia kama rangi, harufu au ladha imebadilika, na mimi sisemi kwamba hodhi ni haramu. Nasema kwamba sheria ya tohara, ikipewa nafasi ya kuchagua kati ya chombo cha tajiri na kopo la maskini, inalipitisha kopo kwa urahisi zaidi. Wajapani walifika hapo hapo kwa njia yao: katika mapipa yao ya mbao mtu hujisugua na kujisuuza nje kwanza, ndipo huingia kupumzika katika maji ambayo familia nzima itayatumia.

Torati nayo inachunguza mali ya chombo kwa undani. Katika Kitabu cha Walawi chombo cha udongo kikiingiwa na unajisi huvunjwa, cha mbao hutiwa majini. Katika Kitabu cha Hesabu, dhahabu, fedha, shaba na chuma hupitishwa motoni. Marabi waliamua baadaye kwamba jiwe halipokei unajisi, na ndiyo sababu Mwinjili Yohana anataja kwamba yale mabalasi sita ya Kana yalikuwa ya mawe. Kwa mtazamo wa juu juu, huo ungekuwa ushahidi dhidi yangu, kwamba Mungu anajali mali. Lakini angalia mpangilio wake. Udongo huvunjwa kwa sababu hunyonya. Chuma hupita motoni kwa sababu huvumilia. Jiwe linatumika kwa sababu halinyonyi. Swali linaloulizwa ni kama chombo kinayaachia maji usafi wake, na katika swali hilo jiwe la bure la mlimani linashinda dhahabu. Sheria ya Kiyahudi ilikwenda mbali hata zaidi kuhusu josho la kuzama mwili mzima: maji yake lazima yakusanyike yenyewe kutoka mvua au chemchemi, na lazima yawe ndani ya ardhi au katika jengo lililoshikamana nayo. Chombo kinachohamishika hakifai. Hodhi la marumaru lenye bei ya nyumba, likiwa limewekwa tu sakafuni na kujazwa kwa bomba, halitimizi sharti. Shimo lililochimbwa na kujazwa na mvua linalitimiza.

Wakristo walirithi upendeleo huo wa maji ya asili. Didake, mwongozo wa kanisa la karne za mwanzo kabisa, unaagiza ubatizo katika maji ya mto, na yakikosekana, maji mengine; yakikosekana ya baridi, ya moto; na kama hakuna ya kutosha kuzama, yamiminwe kichwani mara tatu. Chombo hakitajwi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inadai maji ya kweli, na inakubali kuzamisha au kumimina. Wabatisti Waingereza waliofungua misheni ya Yakusu, kilomita chache chini ya Kisangani, mwishoni mwa karne ya 19, walishika ubatizo wa kuzamisha, na mto ulikuwa mlangoni pao. Hapa kuna tofauti moja inayonifundisha mengi. Kwa kikombe cha Ekaristi Kanisa Katoliki ni kali: maagizo ya mwaka 2004 yanakataza vyombo vya kioo na vya udongo, yanataka mali yenye heshima. Kwa ubatizo halisemi hivyo. Mtoto mgonjwa aliye karibu kufa katika hospitali ya Makiso anaweza kubatizwa kwa maji ya kikombe cha plastiki, na muuguzi yeyote, hata asiyebatizwa, akiwa na nia ya Kanisa na kutamka maneno yake, ubatizo huo ni kamili sawa na ule wa Kanisa Kuu la Notre-Dame du Rosaire. Kanisa linalojua vizuri kudai dhahabu halikuidai pale ambapo mlango wa wokovu ungefungwa kwa wasio na dhahabu.

Hilo linatufikisha kwenye swali la pili, la kumweka mtu juu ya mwenzake, na hapa ushahidi ni mzito kuliko nilivyotarajia ningeukuta katika vitabu vya sheria. Kwa nini vyombo vya dhahabu na fedha vimeharamishwa kwa Waislamu? Wanazuoni wa Kishafi, wakitafuta sababu, walitaja mbili: majivuno, na kuvunjwa mioyo ya mafukara. Wakaifuata sababu hiyo mpaka mwisho wake. Walipoulizwa kuhusu chombo cha yakuti, ambacho bei yake hupita ya dhahabu, kauli yenye nguvu kwao ni kwamba kinaruhusiwa, kwa kuwa fukara hakitambui na moyo wake hauumii. Mtu anaweza kubishana na matumizi hayo, lakini msingi wake ni wa ajabu: uhalali wa chombo unapimwa kwa jeraha linalompata asiyekuwa nacho. Kwa kipimo hicho, chombo kilichofanywa makusudi kuwa alama ya kuwatenga watu wa Stanleyville, kikakaguliwa na wachunguzi ili fulani apandishwe na fulani arudishwe, kilikuwa na kosa kubwa hata kama kilitengenezwa kwa chuma cha kawaida.

Injili ya Yohana inasema jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Katika karamu ya mwisho Yesu anatia maji katika bakuli na kuwatawadha wanafunzi miguu. Mwandishi anataja kwamba alivua vazi, anataja kitambaa alichojifunga, anataja mabishano na Petro; mali ya bakuli haitaji. Anachotaka tuone ni nani amelishika. Kazi ya mtumwa imefanywa na yule wanayemwita Bwana. Naamani wa Shamu naye, jemadari mwenye ukoma, alikasirika alipoambiwa aoge katika Yordani, kwa kuwa mito ya Dameski, Abana na Farpari, ilikuwa mizuri kuliko mto huo. Aliyemwonyesha njia ya uponyaji alikuwa kijakazi aliyetekwa vitani, na waliomshawishi aingie majini ni watumishi wake. Katika masimulizi yote mawili elimu ya maji iko kwa watu wanaoyabeba, na mkubwa anapona au anafundisha pale anaposhuka hadi walipo.

Pingamizi la kwanza najua litatoka kwa wacha Mungu wenyewe. Watasema: Mungu ndiye aliyeagiza birika la shaba mbele ya hema, na Sulemani alitengeneza bahari ya kusubu yenye upana wa dhiraa 10 juu ya ng'ombe 12, uzuri ni heshima kwa Mungu, na wewe unatuvuta kwenye uchakavu. Nakubali kwamba uzuri unaweza kuwa sadaka. Lakini soma Kutoka 38, aya ya 8, uone shaba ya birika ilitoka wapi: ilitoka kwenye vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Mali ambayo mtu alijitazamia uso wake iliyeyushwa ikawa chombo cha wote, cha kuoshea mikono na miguu ya makuhani. Haikununuliwa kwa kuwatoza watu ili kanisa hili lipite lile. Na bahari ya Sulemani? Mfalme Ahazi aliishusha kutoka juu ya ng'ombe wake, kisha Wakaldayo wakaivunja na kuichukua shaba Babeli. Israeli hawakukoma kutoharika kwa sababu shaba imekwenda. Kwa hiyo parokia au msikiti unaotaka kupamba mahali pa maji upambe, kwa sharti kwamba watu wa mtaa huo wameshapata maji.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka ndani ya nchi yetu. Kanisa la Kimbangu, lililozaliwa mwaka 1921 na kutambuliwa kisheria mwaka 1959, halibatizi kwa maji. Linaweka mikono, kwa imani kwamba ubatizo ni wa Roho. Waumini wake waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni walifika hadi kambi ya Lowa, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tshopo, na waliishika imani yao bila kisima wala birika. Mwenye hoja atasema: kama chombo hakina maana, kwa nini maji yawe na maana? Ukianza kuvua, vua vyote. Nawaheshimu Wakimbangu, na sina la kuwafundisha kuhusu uvumilivu. Hata hivyo hoja haifuati. Maji hugusa mwili, chombo huyashikilia tu maji hayo. Mwili wa binadamu hutoka jasho, huzaa, huugua na kufa, na dini inayouosha mwili inakiri kwamba Mungu anamtaka mtu mzima, pamoja na ngozi yake. Wakimbangu wenyewe wanayaheshimu maji ya Nkamba, mji wao mtakatifu. Na kinyume chake pia kinapaswa kusemwa, kwamba maji bila haki ni hatari. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliwazamisha watu mitoni huko Rhodesia ya Kaskazini na Katanga kwa jina la ubatizo, na yule ambaye alishindwa kuzama sawasawa alitangazwa kuwa mchawi. Makumi ya watu waliuawa, naye akanyongwa mwaka 1926. Maji yalikuwa ya mto, yanayotembea, kama Didake inavyotaka. Swali la kwanza lilijibiwa, la pili likakanyagwa.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma, nami sitalipita haraka. Mtu wa Lubunga au Mangobo, komini za Kisangani, anaweza kuniambia: unatupamba umaskini wetu. Leo unasema pishi moja inatosha mbele za Mungu, kesho mkuu fulani atasema kwamba bomba si la lazima, kwa kuwa Mtume na mitume waliridhika na kidogo. Na huo mto unaousifu ndio ulioleta maradhi. Ni kweli. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka Kisangani kikateremka pamoja na vyombo vya safari hadi Kinshasa. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao, bwawa la umeme la Tshopo, lililojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, liliathirika, umeme ukakatika, na maji ya bomba yakakatika nao. Watu walirudi mtoni chini ya mabomu. Hakuna mwenye akili atakayeita hali hiyo unyenyekevu.

Jibu langu ni kwamba hoja ya kutosha inamhusu mtu na Mungu wake, na serikali haina ruhusa ya kuiazima. Aliye na beseni hadaiwi kitu katika tohara yake. Wanaodaiwa ni waliokabidhiwa mto, mtambo na kodi. Tena kipimo cha pishi, kikisomwa vizuri, ni cha chini kabisa ambacho hakuna binadamu anayepaswa kukikosa, na sheria ileile inataka maji hayo yawe safi na yafike kwenye mwili bila kuudhuru. Maji yenye kipindupindu yanashindwa swali la kwanza kabla hatujafika la pili. Na mtu anayewahubiria wenzake kuridhika na ndoo huku hodhi lake limejazwa na mabidoni yaliyobebwa na binti wa mtu mwingine, huyo ameshindwa la pili hadharani. Historia ya mkoa huu ina mfano mbaya wa mahubiri hayo. Mkataba wa mwaka 1911 uliipa kampuni ya Lever, watengenezaji wa sabuni ya Sunlight, maeneo makubwa ya michikichi, yakiwemo ya Barumbu na Elisabetha, ambayo leo ni Lokutu, katika eneo la Basoko. Mawese yalitoka huko kwa kazi ya kulazimishwa, yakaenda kuwa sabuni, na sabuni ikatangazwa Afrika kama dawa ya kumtoa mtu mweusi katika uchafu. Waliopanda michikichi ya sabuni hiyo na kukata mikungu yake, ndio walioitwa wachafu. Nikiulizwa ni chombo gani kilichonajisika katika habari hiyo, sitaonyesha beseni la mkata mikungu.

Kuna pia wanaosema kwamba mwili una haki ya raha, kwamba mgonjwa wa baridi yabisi, mama aliyejifungua au mzee aliyechoka hupata nafuu akilala katika maji ya moto. Sina ubishi nao. Raha halali ni neema, na akriliki si dhambi. Mwenye uwezo anunue hodhi, amshukuru Mungu, na asilifanye cheti cha ubora wake.

Kwa hiyo ombi langu linayaelekea makundi mawili yenye sauti. La kwanza ni wajumbe wa kamati za parokia, za misikiti na za makanisa ya uamsho, ambao kila mwaka hukusanya fedha za vigae, za marumaru na za mabirika mapya. Kabla ya kuagiza chochote kutoka Kinshasa au Dubai, hesabuni ni parsele ngapi, yaani viwanja vya nyumba, kuzunguka nyumba yenu ya ibada hazina maji safi, chimbeni kisima au vuteni bomba lililo wazi kwa kila jirani, Mkristo na Mwislamu na asiye na dini, na hapo ndipo mgeukie mapambo. La pili ni wenye mamlaka ya jimbo la Tshopo na REGIDESO. Mji huu una Mto Kongo, una Tshopo na Lindi, una mvua karibu mwaka mzima. Ukosefu wa maji safi Kisangani hautokani na Mungu kunyima maji. Tengenezeni mitambo, fikisheni mabomba Mangobo, Kabondo na Lubunga kama yalivyofikishwa Makiso wakati wa ukoloni, na wala msisubiri watu waombe radhi kwa ndoo zao.